Mchunga wa Mtu Mmoja

Sogeeni karibu, asiwepo wa kusikia nusu. Nina shauri lililonishinda, na nimelileta kwenu. Nitalisimulia lilivyotokea, kisha mtaniamulia ninyi.

Katika kijiji cha Vumbwe, kwenye mteremko wa milima unaotazama nyika, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Bibi Namtero. Macho yake yalipofuka tangu akiwa mama wa watoto wadogo, lakini ulimi wake ulifanya kazi ya macho. Ungempa jani lolote, angelitafuna kidogo, akakuambia ni la mmea gani, limechumwa bondeni au mlimani, na linatibu nini.

Wa pili alikuwa Mghamba, mwanawe wa mwisho. Huyo alijaliwa miguu. Safari ya nyikani ambayo wengine waliilalia njiani, yeye alikwenda na kurudi kabla jua halijazama. Ukitokea msiba, ndiye aliyetumwa kuwaita ndugu wa mbali.

Wa tatu alikuwa mjane aitwaye Nambike. Kipaji chake watu hawakukiita kipaji, walikiita uchoyo. Nambike alijua kutunza. Maji ya mvua aliyakinga kwenye mitungi mitatu mikubwa, akaifukia sakafuni mwake mpaka shingoni, akaifunika kwa vigae na udongo. Mtoto wake wa pekee alimfia mwaka mmoja wa ukame huku akiomba maji. Tangu siku hiyo Nambike hakukaa tena bila maji ndani, na hakumpa mtu hata kata moja.

Na palikuwa na Nakijwa, mke wa Senzia, mwana mkubwa wa Bibi Namtero. Nakijwa hakuwa na kipaji cha kusimuliwa. Alilima, alipika, alikuwa na mdomo mkali kidogo. Lakini ndiye tutakayefuatana naye, kwa sababu mambo haya yote yaliishia mikononi mwake.

Basi mwaka huo mvua za vuli hazikuja. Za masika zilinyesha siku mbili zikakatika. Chemchemi ya kijiji ikapungua mpaka ikawa kidimbwi cha tope, watu na mbuzi wakinywa mahali pamoja. Siku moja, kwenye foleni ya kidimbwi hicho, Nakijwa alimwona Nambike akipita na mzigo wa kuni, naye akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Tazameni anavyopita! Maji anayo, na wenzake tunachota tope. Nambike, maji yako utazikwa nayo!"

Watu wakacheka. Nambike hakugeuka.

Baada ya hapo maradhi yakaingia. Mtu alianza kwa kuchukia chakula, kisha homa, kisha weupe wa macho ukageuka njano, na mkojo ukawa mweusi kama maji yaliyolowekewa magome. Wengi hawakufika siku ya kumi. Watu walipoona hivyo wakafunga mizigo, wakavuka mlima kwenda kwa ndugu zao. Mghamba naye alimpeleka mke wake mjamzito pamoja na watoto wao watatu kwa wakwe zake ng'ambo, kisha akarudi, maana kaka yake Senzia alikuwa ameshalala kitandani na mama yao haoni njia. Nambike hakuondoka kwa sababu ya mitungi yake na kaburi la mtoto wake. Kijiji kizima kikabaki na watu watano.

Senzia alikufa siku ya nane. Wakabaki wanne.

Walipomaliza kumzika, Mghamba alimshika mama yake mkono kumrudisha nyumbani, akamwuliza, "Mama, hivi kweli hakukuwa na dawa?"

"Ilikuwepo," akasema Bibi Namtero. "Niliwaambia, mchunga. Mkanijibu hakuna jani hata moja lililobaki juu ya ardhi, nami nikanyamaza. Nilipaswa kupiga kelele."

Mchunga mnaujua. Mwaka wa mvua ni magugu tu. Mkulima huung'oa shambani akautupa mpakani, na ua lake la njano hakuna anayeligeukia. Ukiukata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Kina mama huuchuma majani, wakayachemsha, wakamwaga yale maji ya kwanza ili kupunguza ukali, ndipo wakaunga mboga yao kwa karanga. Bibi Namtero maisha yake yote aliyanywa yale maji ya kwanza ambayo wengine huyamwaga. Alisema nguvu ya mmea imo humo, na imo zaidi kwenye mzizi, na kwamba mzizi hubaki hai chini hata jani likishateketea.

Siku ya tisa baada ya maziko, Nakijwa aliamka akakisukuma kando kibakuli cha uji. Harufu yake tu ilimtapisha. Bibi Namtero, aliyekuwa ameketi mlangoni, alimsikia akitapika, akaita, "Mghamba! Njoo mara moja. Safari hii sinyamazi."

Nakijwa alikuwa amelala kwenye mkeka, akasikia kila neno.

"Kule nyikani, kwenye lambo la wafugaji," Bibi Namtero alisema, "upande wa kusini, zamani mchunga ulikuwa umetanda kama zulia. Nenda uchimbe. Majani hutayaona, kwa hiyo chimba kila mzizi utakaoukuta, mimi nitachagua. Na usiuache ukauke. Mzizi ukikauka njiani, utomvu unakufa, na umeniletea kuni."

"Nitaulowesha kwa nini, mama? Maji yako wapi?"

Nakijwa alitazama paa la nyasi akajua wote wawili wanafikiria nyumba moja, na akakumbuka alichokisema kule kidimbwini. Akafumba macho.

Jioni ile ile Nambike aliingia na chungu kichwani na kibuyu mkononi. Hakuna aliyemwita, labda aliliona kaburi la Senzia likiwa bichi, akamsikia Nakijwa akitapika na Bibi Namtero akimwagiza Mghamba. Alikitua chungu pale sakafuni taratibu, bila kumwaga hata tone.

"Kibuyu ni cha Mghamba, cha safari," akasema. "Chungu ni cha kuchemshia dawa. Kesho nitaleta maji ya kunywa."

"Nambike," Nakijwa akasema, "mimi ndiye niliyesema..."

"Najua ulichosema. Nyamaza, unajikausha mate."

Mghamba aliondoka alfajiri. Safari yake ya siku moja ilimchukua siku tatu, maana kwenye lambo ardhi ilikuwa ngumu kama kigae, na alilazimika kuipasua kwa panga kiganja kwa kiganja. Alichimba kila kilichokuwa na uhai chini. Jua lilipomzidia na koo likashindwa kumeza, alikitazama kibuyu cha Nambike, akakiinamisha juu ya mizizi, akaifunika kwa gunia lililolowa. Yeye akapiga magoti kwenye lile tope la kijani katikati ya lambo, pale ng'ombe walipokuwa wamekufa, akanywa. Alirudi na mzigo mgongoni, viganja vimechubuka, mizizi ikiwa bado inatoa utomvu.

Bibi Namtero aliletewa mzigo ule mbele yake. Ilikuwa mizizi ya mimea ya kila aina, yote imefanana, yote ya rangi ya udongo, na mingine ilikuwa sumu. Nakijwa alimwona akiushika mmoja mmoja, akiuvunja, akiugusisha ulimini, akitema, akiuweka kulia au kushoto. Mghamba alitaka kuiosha kwanza.

"Ukiiosha unaondoa utomvu, nami nitabaki kubahatisha," mama yake akamjibu. "Niache."

Alionja siku nzima, tope la lambo likimwingia kinywani na kila mzizi. Ilipofika alasiri midomo yake ilikuwa imevimba na ulimi umechubuka, lakini hakuna mzizi alioukosea. Akaigawa michunga katika mafungu. Yakatoka kumi na manne.

"Mafungu saba ni dawa ya mtu mmoja," akasema. "Fungu moja kila siku, siku saba, bila kuruka."

Nambike ndiye aliyechemsha. Alileta maji kila asubuhi na kila jioni, akakaa kando ya Nakijwa, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akamwosha, akafua nguo zake zilizochafuka. Maji safi ya mitungi aliyatumia kwa dawa na kwa mgonjwa tu. Nakijwa hakujua wakati ule Nambike mwenyewe alikuwa akinywa nini. Alikuja kujua siku ya nane alipoweza kusimama. Alitoka nje akishika ukuta, akamwona Nambike ameinama kwenye kidimbwi cha mbuzi, akichota kwa kiganja.

"Nambike! Na mitungi yako?"

"Miwili imekwisha," akasema huku akijifuta kidevu. "Wa tatu umebaki na maji ya chini kidogo. Hayo ni ya kwako mpaka upate nguvu."

Nakijwa alipona. Macho yake yakarudia weupe, akala uji, akatembea. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Wiki chache baadaye Mghamba alikataa chakula. Kesho yake Bibi Namtero akapata homa. Siku ya tatu Nakijwa alikwenda kwa Nambike akamkuta amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, na alipoinua uso, macho yake yalikuwa ya njano. Tope la lambo lilikuwa limemfuata Mghamba mpaka nyumbani. Tope lile lile lilikuwa limeingia kinywani mwa Bibi Namtero pamoja na mizizi. Na kidimbwi cha mbuzi kilikuwa kimemlipa Nambike kwa kuacha maji yake.

Nakijwa alirudi nyumbani mbio, akaufukua udongo wenye unyevu alimohifadhi yale mafungu ya mizizi yaliyobaki. Akayahesabu. Saba.

Akaenda kwa Bibi Namtero.

"Mama, nikiyagawa mafungu haya mara tatu?"

"Mwaka ule wa nzige nilimgawia dada yangu na mume wake, nusu kwa nusu," Bibi Namtero akajibu kwa sauti ya chini. "Niliwazika wote wawili, siku moja."

Akaenda kwa Mghamba, akamwuliza kama mchunga umebaki kule lamboni.

"Niliung'oa wote, shemeji. Nilijua una hali mbaya, sikuacha hata mzizi."

Hata hivyo Nakijwa alishuka mwenyewe mpaka kwenye korongo la karibu, akachimba kwa jembe mpaka mikono ikashindwa. Alipata vumbi. Alipanda tena huku akilia bila machozi, maana mwili wake haukuwa na maji ya kutosha kutoa machozi.

Kwa hiyo akawa na mafungu saba, na wagonjwa watatu katika nyumba tatu, na nyumba yake ikiwa katikati. Akaamua kuwauliza wenyewe.

Mghamba hakumzungusha. "Sitakudanganya, shemeji. Nataka hiyo dawa. Nina watoto watatu, na wa nne sijamwona. Kila siku mke wangu anaangalia ile njia inayoshuka mlimani. Nikifa, nani atawalimia? Nilikwenda kule chini kwa ajili yako, sikusita. Nitazame, shemeji. Bado nina miaka thelathini tu."

Nakijwa akamshika mguu, ule mguu uliokuwa ukivuka milima, akaukuta umepoa. Akatoka.

Bibi Namtero alimtambua kwa hatua zake kabla hajaingia.

"Umekuja kusikia nikisema umpe mwanangu," akasema.

Nakijwa akaketi kando yake.

"Nikisema hivyo nitakuwa mama mwema, nawe utaondoka moyo wako mwepesi. Sisemi. Watu hudhani mtu akizeeka amechoka kuishi. Sijachoka, Nakijwa. Nikiamka asubuhi jua likinigusa uso, bado nafurahi kama msichana. Na maradhi haya yatarudi, mwaka mwingine, kwa watoto wa hao hao waliovuka mlima. Nani ataujua mzizi usio na jani? Ulimi huu sikumwachia mtu. Nilidhani nina muda." Akapumua kwa shida. "Nimemzika Senzia. Mghamba ni wa tumboni mwangu. Unafikiri sijui ninachosema? Ondoka sasa, usiniulize mara ya pili."

Kwa Nambike, Nakijwa alikaa chini, mgongo kwenye ukuta ule ule. Nambike ndiye aliyeanza.

"Huna deni kwangu. Yale maji nilikupa, sikukukopesha."

"Sikuja kwa sababu ya deni. Nakuuliza, unataka kuishi?"

Nambike aliutazama mlango. "Mghamba ni shemeji yako, na yule bibi ni mama mkwe wako. Walikuwa na haki ya kukuhangaikia, wewe ni wa kwao. Mimi si mtu wako. Ulinitukana mbele ya watu, na nilikuja. Sijui kwa nini nilikuja. Labda nilimsikia mwanangu katika sauti yako." Akajifunika khanga mpaka shingoni. "Ndiyo, nataka kuishi. Na ukinipita, nipite. Lakini usije hapa kuniambia kwamba ni kwa sababu wale ni ndugu. Neno hilo sitaki kulisikia nikiwa hai."

Nakijwa aliinuka. Alifunua mtungi wa tatu wa Nambike, akakwangua maji yaliyobaki chini, yakatosha chungu kimoja kwa siku, kwa siku saba hasa. Akayabeba ya siku ya kwanza mpaka uwanjani kwake, akavunja fungu la kwanza, utomvu ukamchuruzika vidoleni. Alipoyatazama yale maji yakichemka aliwaza hivi: mzizi huu Mghamba ndiye aliyeuchimba, na asingeuchimba ungebaki ardhini. Lakini bila ulimi wa mama, ungekuwa umechanganyika na sumu, na mimi ningeshakuwa kaburini. Na bila maji ya Nambike ungekauka njiani, na hata ungefika, ungechemshwa kwa tope lile lile linaloua. Alijaribu kumwondoa mmoja kati ya hao watatu, akashindwa. Kila alipomwondoa mmoja, alijiona yeye mwenyewe amelala kando ya Senzia.

Alimimina dawa katika kikombe cha kibuyu. Mvuke wake mchungu ukampanda puani. Akasimama.

Nakijwa alichagua. Kwa siku saba alibeba kikombe kile kwenda kwenye mlango mmoja, asubuhi. Kufika kwenye mlango huo ilimbidi apite karibu na nyumba nyingine, na aliyekuwa ndani alizisikia hatua zake zikikaribia, zikafika, zikapita. Baada ya kunywesha dawa alirudi kwa wale wengine wawili, akawaosha, akawafuta jasho, akakaa nao mpaka jioni. Hakuwaambia neno lolote juu ya dawa, nao hawakumwuliza.

Wa kwanza alikufa siku ya tano. Wa pili alikufa siku ya sita, adhuhuri, akiwa amemshika Nakijwa kidole. Alichimba makaburi mawili peke yake, yakawa ya kina kifupi, maana nguvu zilimwishia. Aliyekunywa dawa alipona. Mtu huyo hakuwahi kumshukuru Nakijwa, na hakuwahi kumlaumu. Walipokutana njiani walisalimiana, kisha kila mmoja akaenda zake.

Mvua ziliporudi, watu walivuka mlima wakarejea. Walipoyaona makaburi na kusikia habari, waligawanyika papo hapo. Wengine walimwita Nakijwa dada yao, wakamletea mbegu na kumsaidia kulima. Wengine hawakula tena chakula kilichopikwa na mikono yake mpaka alipozeeka.

Mimi ninalijua jina la aliyepona. Sitawatajia. Nimewahi kulitaja mahali pengine, na kila nikilitaja watu huanza kumhukumu Nakijwa, wakasahau kujiuliza wenyewe.

Kwa hiyo nawaachia. Mmoja aliujua mzizi, akauonja mpaka akaugua. Mmoja aliuchimba, akanywa tope ili uwe hai. Mmoja alitoa maji aliyoyalinda miaka yote, kwa mtu aliyemtukana. Wote watatu wanataka kuishi, na wote wamekwambia hivyo kwa vinywa vyao. Dawa ni ya mtu mmoja, na inapoa.

Wewe uliyekaa hapo mbele, shika kikombe. Simama. Unakwenda mlango gani?